Uji Mmoja, Walaji Wawili: Madini ya Chuma na Matumbo ya Watoto wa Kwale

Huko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, mtoto akifikisha miezi sita huanza kuonjeshwa uji. Unga wa mahindi hukorogwa kwanza kwa maji baridi usije ukafanya mabonge, ukamiminwa kwenye maji yanayochemka, na mwiko hausimami mpaka uji uive na kuanza kung'aa. Kisha unaachwa upoe. Katika kisa hiki kulikuwa na hatua moja zaidi. Mama alichana kipakiti kidogo, akamwagia unga wa virutubishi kwenye uji wa mtoto, akakoroga na kumlisha. Vipakiti vyote vilikuwa na vitamini na madini mbalimbali. Vingine viliongezwa chuma, vingine havikuongezwa, na si mama wala aliyemgawia aliyejua chake ni kipi.

Watoto walikuwa 115, wote wa miezi sita, na uji huo walipewa kila siku kwa miezi minne. Majaribio yenyewe yalikuwa mawili: katika la kwanza kipakiti chenye chuma kilibeba miligramu 2.5, katika la pili miligramu 12.5. Watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, na wenzao wa Kenya walichunguza kitu ambacho katika habari za chuma watu wa lishe hawakukizoea: choo cha mtoto. Walitaka kujua ni bakteria gani wanaoishi ndani ya utumbo wake, na chuma kikipita humo kinawafanya nini. Matokeo yalitoka 2015 katika jarida la Gut, na kwangu mimi ni miongoni mwa mambo mazito kabisa yaliyowahi kuandikwa kuhusu kikombe cha uji cha pwani yetu.

Kabla ya kuyafikia, tumtendee haki aliyebuni kile kipakiti. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoipata tumboni mwa mama, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Akiba hiyo humtosha miezi minne hadi sita hivi. Aliyezaliwa njiti, mwenye uzito mdogo, ambaye mama yake alikuwa na upungufu wa damu, au aliyefungwa kitovu haraka kabla damu ya kondo haijamfikia, huishiwa mapema zaidi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, kama miligramu 0.3 kwa lita. Na uji wa mahindi mtupu haumfai kitu kwa upande huo, kwa sababu mahindi yana fiteti, kemikali inayokishika chuma na kukizuia kisifyonzwe. Basi mtoto anakua mbio, damu inadai chuma, ubongo unadai chuma, na kinachoingia hakitoshi. Upungufu wa chuma katika umri huu unaweza kuacha alama katika uwezo wa kujifunza, alama ambazo hazifutiki zote hata chuma kikirudishwa baadaye. Kwa hiyo anayesema watoto waachwe tu bila chuma hajamwona mtoto mwenye viganja vyeupe, aliyelala begani mchana kutwa, hana nguvu hata za kulia.

Huyo ndiye mlaji wa kwanza wa uji ule. Wa pili haonekani.

Kila aliyelea anajua kwamba choo cha mtoto anayenyonya tu ni cha njano, laini, na harufu yake ina uchachu kama wa maziwa yaliyoganda, wala haichefui. Siku anapoanza kula, harufu hubadilika na mama hulitambua hilo mara tu anapofungua nepi. Uchachu ule ni kazi ya bakteria. Henri Tissier wa Institut Pasteur, Paris, ndiye aliyewaona kwa mara ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19, katika choo cha watoto wanaonyonya: bakteria wenye umbo la panda, kama panda ya manati. Leo tunawaita bifidobakteria.

Hawakufika humo kwa bahati. Maziwa ya mama yana sukari za aina ya pekee, ndefu, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ukitoa maji, laktosi (sukari ya kawaida ya maziwa) na mafuta, ndizo zinazofuata kwa wingi katika maziwa. Hebu tulifikirie hilo kidogo. Mama, pengine naye hajashiba, anatumia nguvu za mwili wake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukitumia. Sukari hizo hupita tumbo, hupita utumbo mwembamba, hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bifidobakteria wanazisubiri. Wakizila hutoa asidi ya asetiki, ile ya siki, na asidi ya laktiki, ile ya maziwa yaliyoganda. Utumbo unakuwa na ukali kidogo, na ukali huo unawakera bakteria wengi waletao maradhi.

Utumbo wa kichanga haujakamilika. Ukuta wake ni safu moja tu ya seli zilizoshikana ubavu kwa ubavu, na juu yake utando wa ute. Upande mmoja wa safu hiyo kuna damu ya mtoto, upande wa pili kuna mabilioni ya bakteria. Namna ukuta huu unavyojengeka hutegemea sehemu fulani wageni waliotangulia kufika. Kuna jaribio la 2002 kutoka maabara ya Jeffrey Gordon huko St. Louis, Marekani, ambalo nalirudia kila ninapolieleza jambo hili. Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja walikua, lakini mishipa midogo ya damu ndani ya vinyweleo vya utumbo wao ilibaki nusu, kama nyumba iliyosimamishwa kwenye renta. Walipopewa bakteria, ujenzi uliendelea, na katika siku 10 hivi mishipa ikakamilika. Mwaka 2011 watafiti wa Japani nao walionyesha, kwa panya vilevile, kwamba asidi ya asetiki inayotolewa na baadhi ya bifidobakteria huzipa seli za ukuta uwezo wa kuhimili sumu ya aina hatari ya E. koli, bakteria wa utumboni, isipenye kuingia kwenye damu. Panya si mtoto wa Kwale. Lakini majaribio haya yanatuonyesha bakteria wakishiriki katika ujenzi wenyewe, si wapangaji waliohamia nyumba ikiwa tayari.

Hapa sasa ndipo chuma kinapoingia, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu.

Karibu viumbe vyote hai vinahitaji chuma, lakini si kwa kiasi kimoja. Bifidobakteria na laktobasila, bakteria wengine wazuri watoao asidi ya laktiki, wanaishi vizuri na chuma kidogo mno. E. koli, Salmonela na Shigela ni wenye njaa ya chuma. Baadhi yao hutoa kemikali maalumu zinazotoka nje ya bakteria, zikakinasa chuma popote kilipo na kukirudisha nyumbani. Ndiyo maana mwili wa binadamu, ukivamiwa na maradhi, hukificha chuma chake. Maziwa ya mama nayo yana protini iitwayo laktoferini, ambayo kazi yake mojawapo ni kukishika chuma wasikipate wengine. Nikiyaweka haya pamoja, naona uchache wa chuma katika maziwa ya mama si kasoro ya maziwa. Ni sehemu ya ulinzi.

Fanya hesabu. Mtoto anayenyonya vizuri hupata robo lita tatu hivi za maziwa kwa siku, yaani chuma kisichozidi robo ya miligramu, na hicho hufyonzwa vizuri kuliko cha uji. Siku anapoanza uji wenye kipakiti cha miligramu 12.5, chuma kinachoingia tumboni mwake kimepanda zaidi ya mara hamsini. Katika uji wa mahindi, kinachofyonzwa ni kama sehemu moja ya kumi, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo miligramu moja na kidogo inaingia kwenye damu, nalo ni jambo jema ambalo mtoto alilihitaji. Zaidi ya miligramu 11 zinaendelea na safari hadi utumbo mpana, walipo wale wenye njaa.

Watafiti walipopima choo cha watoto wale kabla ya kuanza, asilimia 63 ya alama za vinasaba vya bakteria zilikuwa za jamaa ya bifidobakteria. Hayo ni matunda ya kunyonyesha. Lakini palepale walikuta pia, kwa watoto wengi, wageni wabaya wamekwisha kuingia: Salmonela, E. koli waletao maradhi, na bakteria waitwao Klostridiamu wa aina mbalimbali. Watoto wa miezi sita tu, wengi wao hawaonekani kuumwa. Kwangu hiki ndicho kiini cha kisa kizima, na husemwa kwa haraka mno. Chuma hakikuwaleta bakteria hao. Waliletwa na maji, mikono, sakafu, nzi, chombo kilichosuuzwa bila sabuni. Chuma kiliwakuta wapo, kikawapa chakula.

Baada ya miezi minne, waliokula uji wenye chuma walikuwa na E. koli na Shigela wengi zaidi kuliko waliokula bila chuma. Uwiano wa jamaa hizo za E. koli dhidi ya bifidobakteria ulipanda. Klostridiamu nao waliongezeka, na aina za E. koli ziletazo maradhi pia. Tena kuna kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapokimbilia ukuta wa utumbo uliowaka. Ikipimwa kwenye choo, inaeleza ukuta una hali gani bila kumchoma mtoto sindano. Nayo ilipanda kwa watoto wa chuma. Maana yake bakteria hawakubadilika kimyakimya peke yao. Ukuta uliwahisi.

Kuhusu kuhara lazima niseme kwa uangalifu, maana hapa ndipo habari hii inapopotoshwa. Katika jaribio la miligramu 12.5, asilimia 27.3 ya watoto waliopata chuma walihitaji kutibiwa kuhara, dhidi ya asilimia 8.3 ya wenzao. Tofauti hiyo inashtua. Lakini watoto walikuwa wachache, na kwa vipimo vya takwimu haikufikia kiwango cha kusema kwa uhakika kwamba si bahati tu. Mabadiliko ya bakteria na ya kalprotektini yalikifikia kiwango hicho, kuhara hakukufikia. Asiyetenganisha mambo haya mawili anamtisha mama bure. Na anayetumia uchache wa watoto kulipuuza jambo lote naye anakosea, kwa sababu kisa hiki hakikutokea peke yake.

Vuka bahari kidogo tu kutoka Kwale, uelekee kusini, ufike Pemba. Huko maelfu ya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki katika jaribio kubwa, na Agosti 2003 sehemu ile ya chuma ikasimamishwa kabla ya wakati. Ripoti iliyotoka 2006 katika jarida la Lancet ilionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa au kufariki kuliko wasiopewa. Mazungumzo yote yakaelekea kwenye malaria, na ilikuwa haki, maana Pemba wakati ule malaria ilikuwa imeshamiri. Katika uchunguzi mdogo uliofanyika ndani ya jaribio hilo, watoto waliokuwa kweli wana upungufu wa chuma na damu walinufaika. Shirika la Afya Duniani hadi leo linasema mahali penye malaria chuma kitolewe pamoja na kuikinga, kuipima na kuitibu. Ila malaria ilijaza chumba chote, utumbo ukakosa pa kukaa. Kwale ndiyo iliyourudisha utumbo mezani.

Nao hawakuishia hapo, jambo ambalo linanifanya nikiheshimu kisa hiki zaidi. Ingekuwa rahisi kuchapisha habari mbaya na kuondoka. Wakarudi Kwale na swali lingine: kama tatizo ni kwamba chuma kinalisha wabaya, je, tukiwalisha wazuri kwa wakati uleule?

Safari hii watoto walikuwa 155, wa miezi sita na nusu hadi tisa na nusu, na makundi matatu. Wa kwanza walipata unga wa virutubishi bila chuma. Wa pili walipata chuma miligramu 5. Wa tatu walipata chuma kileile pamoja na gramu 7.5 za galakto-oligosakaridi, sukari inayotengenezwa kutokana na laktosi ya maziwa, na ambayo kama zile sukari za maziwa ya mama haimeng'enywi na mtoto bali hufika chini kuwalisha bifidobakteria. Miezi minne tena, uji uleule wa mahindi.

Matokeo ya 2017 ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika. Upungufu wa damu ulishuka kwa karibu nusu katika makundi yote mawili yaliyopata chuma. Yaani kipakiti kilifanya kazi iliyotumwa. Kundi la chuma peke yake, hata hivyo, lilikuwa na bifidobakteria na laktobasila wachache, na vinasaba vya sumu na vya ukali wa bakteria wa maradhi vilikuwa vingi zaidi. Katika damu yao kulikuwa na protini nyingi zaidi ya aina inayovuja seli za utumbo zinapoumia. Walitibiwa pia maradhi ya njia ya hewa mara nyingi zaidi, jambo linaloonyesha kwamba yanayotokea tumboni huenda hayaishii tumboni. Kundi la tatu, lililopata chuma pamoja na ile sukari, halikutofautiana kwa maana na lile lisilopata chuma kabisa, isipokuwa laktobasila wake walikuwa wengi zaidi.

Kipimo kingine cha mwaka huohuo, kilichofanywa kwa watoto wa Kenya kwa kutumia chuma chenye alama inayoweza kufuatiliwa mwilini, kilionyesha kwamba baada ya wiki tatu za sukari hiyo ufyonzaji wa chuma cha kwenye vipakiti ulikuwa asilimia 18.8, dhidi ya 11.6 kwa wasioipata. Ukiwa na ufyonzaji huo unaweza kutoa chuma kidogo ukapata damu ileile, na kinachobaki nyuma kuwalisha wabaya kinapungua. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiuliza kipakiti kina miligramu ngapi. Swali linalofaa ni ngapi zinaingia kwenye damu na ngapi zinabaki njiani. Programu ya lishe inayojibu la kwanza tu imehesabu mlaji mmoja.

Kuna ugumu wa vitendo ambao sipendi kuupita. Kipakiti cha kawaida cha virutubishi kina gramu 1 ya unga. Gramu 7.5 za sukari ile ni mzigo wa aina nyingine: ufungashaji mwingine, usafirishaji mwingine, bei nyingine. Dawa iliyofanya kazi ndani ya utafiti haiingii tu kwenye sanduku la mhudumu wa afya ya jamii anayetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Na miezi minne ni michache. Nani anajua utumbo ule utakuwaje mtoto akifika darasa la kwanza ila yule atakayerudi kumpima?

Kwa mama au baba anayesoma haya akiwa na kipakiti mkononi, nisingependa akitupe. Mtoto mwenye upungufu wa damu anahitaji chuma, na uamuzi wa kukipunguza au kukiacha ni wa kuzungumza kliniki, si wa jikoni. Kilicho jikoni ni kingine. Kipakiti ni kimoja kwa siku, na siku uliyosahau haifidiwi kwa kuweka viwili. Kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili na zaidi, maana kila nyonyo inapeleka zile sukari chini kwa bifidobakteria bila kununuliwa. Unga wa mahindi ukilowekwa na kuachwa uchachuke kabla ya kupikwa, fiteti hupungua. Samaki au dagaa aliyetwangwa akalainika hutoa chuma kinachofyonzwa vizuri zaidi kuliko cha nafaka, na kipande cha embe au papai baada ya uji husaidia hata kile cha nafaka. Chai ya rangi anayopewa mtoto na mkate asubuhi hufanya kinyume, inakizuia chuma. Na maji ya kunywa, na mikono ya anayelisha: wale Salmonela wa miezi sita waliingia kwa mlango huo.

Wakunga nao wana sehemu yao, tena ya mapema kuliko ya wote. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisifungwe kabla ya dakika moja kupita tangu mtoto kuzaliwa. Damu inayoingia katika dakika hiyo na zinazofuata ina chuma ambacho hakipiti utumboni hata kidogo. Hakimlishi E. koli yeyote. Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu katika haya yote la kulisimamia katika kila chumba cha kujifungulia, ningelichagua hilo.

Lipo swali moja lingine ambalo ningependa liulizwe kwenye dirisha la dawa la kila zahanati. Mwaka 2019 timu ileile ilichapisha utafiti mwingine wa Kenya, wa watoto waliopewa dawa za kuua bakteria huku baadhi yao wakiendelea na unga wenye chuma. Kwa waliokuwa wakipata chuma, dawa ilishindwa kuwapunguza vizuri E. koli wa maradhi, na kuhara baada ya dawa kulikuwa kwingi zaidi. Mtoto wa miezi tisa analetwa ana homa, anaandikiwa dozi ya siku tano, mama anarudi nyumbani na jioni anachana kipakiti kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza kama mtoto anapewa unga wa virutubishi, na hakuna aliyemweleza afanye nini nao wakati wa dozi. Kuuliza kunachukua sekunde chache, na mwenye jibu amekaa palepale, mtoto mapajani.